Ghala lililofukizwa mara mbili, fukusi wakarudi mara mbili: uchambuzi wa kisa kimoja

Niliitwa kwenye ghala hili la mahindi wiki ya tano baada ya ufukizaji wa pili, yaani kuua wadudu kwa gesi chini ya turubai. Baada ya salamu, mtunza ghala, mzee aliyezeekea katika kazi ya magunia, alinipeleka moja kwa moja upande wa nyuma wa lundo, akainama kwenye safu ya tatu kutoka chini, akaniambia, "Tega sikio hapa, mwanangu." Ndani ya gunia kulikuwa na mkwaruzo mwembamba usiokoma, kama ukucha unaopita juu ya karatasi ngumu. Akapitisha kidole kwenye mshono wa gunia, kikatoka na unga mweupe, na katikati ya unga ule fukusi mmoja alikuwa anatambaa.

Nilimtazama fukusi yule kwa muda. Rangi yake ilikuwa hudhurungi iliyopauka, haijakolea bado. Fukusi aliyeishi wiki kadhaa huwa mweusi au hudhurungi nzito. Aliyepauka namna ile ametoka ndani ya punje siku chache tu zilizopita. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza nilikuwa na shaka na maelezo niliyopewa kwenye simu, kwamba wadudu wanaingia upya kutoka nje. Mdudu yule alizaliwa mle mle, ndani ya mahindi yaliyokwisha kufukizwa mara mbili.

Lundo lilikuwa la tani 200, magunia 4,000 ya kilo 50, juu ya chaga. Pande tatu zilikuwa na nafasi ya mtu kupita. Upande wa nyuma magunia yalikuwa yamepangwa kuizunguka nguzo ya zege inayobeba paa, hivi kwamba nguzo ilikuwa imemezwa na lundo, ikatokeza juu tu. Unyevu wa punje ulikuwa asilimia 13, jambo zuri. Joto ndani ya lundo lilikuwa nyuzi 27 karibu kila mahali, isipokuwa upande wa nguzo, ambako kipimajoto kilipanda hadi 34. Wadudu wanapumua, na pumzi yao ni joto na mvuke. Wakiwa wengi mahali pamoja hupasha nafaka moto wenyewe.

Mara ya kwanza lundo lilifunikwa kwa turubai na kuwekewa vidonge 3 kwa kila tani, yaani vidonge 600. Kidonge kimoja cha alumini fosfaidi kina gramu 3, na kikikutana na mvuke wa hewani hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini. Kipimo hicho ni cha kawaida na hakina kosa. Turubai lilipofunuliwa walichekecha mahindi kutoka magunia kadhaa, hawakuona mdudu hai hata mmoja, cheti kikatiwa sahihi. Wiki tano baadaye fukusi walikuwa wamejaa. Mwenye mali akaamua kwamba dawa ilikuwa haba, akaagiza mara ya pili viwekwe vidonge 1,200. Wakachekecha tena, wakakuta wote wamekufa, cheti cha pili kikatoka. Mimi nimefika baada ya hapo.

Niseme wazi kwamba siamini kuna mtu aliyedanganya katika kuchekecha. Walichekecha, na wadudu waliowaona walikuwa wamekufa kweli. Shida ni kwamba chekeche humwona mdudu aliye nje ya punje tu. Fukusi jike hutafuna kitundu kwenye punje, hutaga yai ndani yake, kisha huziba mdomo wa kitundu kwa ute unaokauka na kufanana na ganda la punje. Buu anaangulika humo, anakula humo, anageuka pupa humo, hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu kamili, na anatoka akiwa mdudu kamili. Kwa joto la nyuzi 27 safari hiyo yote huchukua kama siku 35. Ukishika punje yenye buu kiganjani huwezi kuitofautisha na nzima. Siku ya kufunua turubai, sehemu kubwa ya wadudu wa lundo huwa haionekani kabisa, hata kwa mtu mwaminifu mwenye macho makali.

Mtunza ghala alikuwa na daftari. Kila jioni alizunguka lundo na kuandika alichokiona, neno moja au mawili, bila kuagizwa na mtu yeyote. Nilimwomba tukae chini tulisome pamoja. Baada ya ufukizaji wa kwanza aliandika "hakuna" kwa siku sita. Siku ya 7 aliandika "wachache", na ikawa hivyo hadi siku ya 11. Halafu ukaja ukimya wa karibu wiki tatu, "hakuna", "hakuna", "mmoja". Siku ya 32 akaandika "wengi", na tangu hapo neno halikubadilika. Tuligeuza kurasa hadi baada ya ufukizaji wa pili. Ilikuwa vile vile: wachache wiki ya pili, kimya kirefu, kisha wimbi.

Kama wadudu wangekuwa wanaingia kutoka nje, wangekuja kidogo kidogo kila siku, na wangeonekana kwanza kwenye magunia ya juu na ya pembeni, pande zote. Hawana sababu ya kupumzika wiki tatu. Mawimbi mawili yenye pengo katikati yana maana nyingine. Fosfini humwua mdudu kupitia pumzi yake. Mdudu kamili na buu wanapumua sana, kwa hiyo hufa mapema. Yai na pupa hupumua kidogo mno, wamenyamaza, na gesi hupita juu yao kama haiwahusu. Ukifukiza kwa muda mfupi unaua wakubwa na mabuu, unabakiza pupa na mayai. Pupa waliobaki hutoka ndani ya siku chache: wale ndio "wachache" wa wiki ya pili. Mayai yaliyobaki yanahitaji mwezi mzima kukamilisha safari: wale ndio "wengi" wa siku ya 32. Pengo la katikati ni mahali pa mabuu waliokufa. Mzee yule alikuwa ameandika jibu lote kwa mkono wake mara mbili, bila mtu wa kulisoma.

Basi swali likawa gesi ilikaa kwa muda gani. Fomu zote mbili zilisema "siku 5", na siku 5 kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25 zimo katika miongozo mingi kama kiwango cha chini kabisa. Nikauliza walifunika lini. Ijumaa, saa 12 jioni, baada ya kazi. Walifunua lini? Jumanne, saa 2 asubuhi, kwa sababu malori yalikuwa yanasubiri. Ukihesabu majina ya siku unapata tano: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Ukihesabu saa unapata 86, yaani siku tatu na nusu. Toa humo siku mbili hivi ambazo vidonge huchukua kutoa gesi yao kikamilifu, na ujiulize yai lilibaki ndani ya gesi ya kutosha kwa muda gani. Hesabu hii ya siku kwa majina nimeikuta sehemu nyingi, na inaniumiza kila mara, maana mtu amegharamia dawa, turubai na vibarua, kisha anapoteza yote kwa siku mbili alizodhani anazo.

Muda peke yake, hata hivyo, haukueleza kwa nini wadudu walikuwa upande mmoja. Tulichukua bambo, chuma chenye ncha cha kuchoma gunia na kutoa punje, tukaligawa lundo katika sehemu 12, tukatoa nafaka kila sehemu na kuchekecha. Upande wa mbele na wa kushoto tulipata mdudu mmoja mmoja. Kuzunguka nguzo, kuanzia chini hadi safu ya tano, kila bambo lilitoka na fukusi wengi, punje zenye matundu na unga. Humo pia tulikuta wale wadudu wadogo wekundu wa unga, ambao hawawezi kuanza punje nzima yenye afya, wanafuata nyuma ya fukusi na kula kilichokwisha kutobolewa. Wingi wao uliniambia kwamba uharibifu wa sehemu ile ulikuwa na miezi kadhaa, haukuanza juzi.

Turubai haliwezi kulala vizuri kwenye nguzo. Walikuwa wamelikata kidogo ili nguzo ipite, wakalifunga kwa kamba. Kamba huzuia turubai lisianguke, haizuii gesi. Nilipowaomba walifunike tena lundo ili nione, kati ya turubai na zege kulikuwa na mwanya ambao kiganja changu kilipita.

Sasa turudi kwenye uamuzi wa kuongeza dawa maradufu, kwa sababu ni uamuzi ambao karibu kila mtu angeufanya. Gramu 1 ya fosfini katika mita moja ya ujazo ni karibu sehemu 700 kwa milioni. Lundo hili na hewa yake lilikuwa kama mita za ujazo 300, kwa hiyo gramu 600 zingeweza kutoa takriban sehemu 1,400 kama hakuna kinachopotea. Tuchukulie, kwa makadirio tu, kwamba mwanya ule ulikuwa unapunguza gesi kwa nusu kila saa 12. Kutoka 1,400 hadi chini ya 300, kiwango cha chini ninachotaka kibaki, ingechukua kama saa 27. Ukiweka vidonge maradufu unaanza na 2,800, na baada ya saa 12 umerudi pale pale 1,400. Vidonge 600 vya ziada vimekununulia saa 12. Yai halijali kwamba saa za kwanza zilikuwa kali, linajali kama gesi itakuwepo siku litakapoangulika na kuanza kupumua. Kuna jambo baya zaidi: gesi ikiwa kali sana ghafla, baadhi ya wadudu huzimia, pumzi yao hupungua, na huvuta sumu kidogo kuliko wangevuta kwenye gesi ya wastani.

Vidonge 1,200 vilileta pia hatari ambayo nusura iwe msiba. Vilirundikwa kwenye trei chache kwa sababu trei hazikutosha, hivyo vya chini havikupata hewa, vikabaki bila kuisha. Siku ya kufunua, kijana mmoja alizoa masalia yale ndani ya ndoo na kuifunika kwa mfuniko. Masalia yenye dawa ndani huendelea kutoa gesi, na fosfini ikizidi asilimia 1.8 ya hewa inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Ndoo ilianza kupata moto mkononi mwake, akaiacha nje. Masalia hayafungiwi kwenye chombo. Vile vile mlinzi alikuwa akilala kwenye chumba kilichopakana na ghala siku zote za ufukizaji. Kanuni za nchi nyingi haziruhusu mfanyakazi kupumua hewa yenye zaidi ya sehemu 0.3 za gesi hii kwa milioni, na haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kuhusu hilo sikujadiliana na mtu. Chumba kilihamwa siku ile ile.

Mwenye mali alikuwa na maelezo mawili ambayo hakutaka kuyaachia, na alikuwa na haki ya kupata majibu. La kwanza lilikuwa kwamba dawa ni feki. Lakini trei za ufukizaji wa kwanza, ambako vidonge vilitandazwa vizuri, ziliachwa na unga wa kijivu mlaini usio na vibonge, kama unavyotakiwa kubaki. Tena dawa iliua kila mdudu mzima katika lundo zima, na dawa feki haifanyi hivyo. La pili lilikuwa usugu, yaani wadudu kuizoea dawa isiwaue tena, na hili si la kupuuza hata kidogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo liliendesha uchunguzi wa dunia nzima mwaka 1972 na 1973 na kukuta wadudu wa ghala wenye usugu dhidi ya fosfini, na tangu wakati huo umeongezeka. Ufukizaji uliofanywa vibaya ndio shule yenyewe ya usugu: unaua walio dhaifu, unawaacha wenye nguvu wazaane. Tulikusanya fukusi hai, tukawapeleka maabara wakawekwe kwenye gesi ya kipimo maalumu kwa saa 20, kisha wahesabiwe baada ya siku 14. Wote walikufa. Wadudu wa ghala hili walikuwa wa kawaida kabisa.

Akauliza pia kuhusu ile gesi ya zamani, methili bromidi, iliyokuwa ikimaliza kazi kwa siku moja au mbili. Matumizi yake kwenye nafaka za ghalani yalikomeshwa chini ya Itifaki ya Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, mwaka 2005 kwa nchi tajiri na 2015 kwa nchi zinazoendelea. Imebakizwa kwa karantini na mizigo inayosafirishwa nje. Kwa ghala kama hili haipo, na kisa hiki hakikuihitaji.

Kazi ngumu ilikuwa kulivunja lundo. Vibarua walitumia siku tatu kuhamisha magunia 4,000, na safu ya mwisho ilipoinuliwa tuliona jambo ambalo bambo lisingeweza kutuonyesha. Chini ya chaga, kutoka kwenye nguzo hadi ukutani, ulipita mfereji wa kiungio cha sakafu. Lami iliyouziba zamani ilikuwa imeng'oka. Kidole changu kiliingia hadi kifundo cha pili, na kikatoka na punje zilizooza, unga, na fukusi. Gesi ilikuwa na njia mbili za kutokea, juu kwenye nguzo na chini kwenye kiungio, na kiungio chenyewe kilikuwa kitalu cha wadudu ambacho gesi haikukifikia kamwe. Tulikikwangua kwa bisibisi na brashi ya waya kwa urefu wote, nikaweka sehemu ya uchafu ule kwenye chupa, uliobaki ukachomwa. Kiungio kikajazwa lami mpya. Sakafu na kuta zikapigwa dawa ya kunyunyiza.

Lundo jipya lilisimama mbali na nguzo, mita moja kutoka kila ukuta. Gunia la punje zilizofagiwa sakafuni lililokuwa limesahauliwa nyuma ya mlango, ambalo lilikuwa na fukusi wengi kuliko lundo lenyewe, tuliliweka chini ya turubai pamoja na mengine. Turubai tulilinyanyua kuelekea mlango wazi tukatazama mwanga: matundu 14, yote yakabandikwa. Pindo liliachwa mita moja sakafuni na kukandamizwa kwa mifuko mirefu ya mchanga, mistari miwili, kila mfuko ukilalia mwenzake kidogo mwishoni. Vidonge vilirudi kuwa 600, tabaka moja moja kwenye trei. Tukapitisha mipira myembamba mitatu ya kuvutia hewa chini ya turubai, mmoja juu, mmoja katikati, mmoja kona ya chini ya nyuma, ili tupime gesi bila kufunua chochote.

Fomu mpya ilikuwa na nafasi ya saa ya kufunika, saa ya kufunua, na kiasi cha gesi kila siku. Fomu za zamani hazikuwa na nafasi ya gesi hata moja.

Siku ya 3 mipira yote mitatu ilionyesha zaidi ya 800. Siku ya 7, juu na katikati tulikuwa na zaidi ya 400, lakini kona ya chini ilisoma 240. Malori yalikuwa yameshapangwa, na mwenye mali alisimama pembeni yangu akitazama kipimo. Kiwango ninachokifuata ni sehemu 300 kwa siku 7 kamili, au 200 kwa siku 10. Nilimweleza kwamba kwa 300 tumeshindwa kwenye kona moja, na kwa 200 bado tuna nafasi kama tutasubiri. Alinyamaza kidogo, akapiga simu, akaahirisha malori. Tuliongeza mchanga kona ile, tukasubiri hadi saa 240 zikatimia. Kona ya chini ilisoma 210.

Siku ya kufunua hatukutia sahihi cheti chochote. Tulichekecha, tukakuta wamekufa, kama mara mbili zilizotangulia. Kisha tulitoa nusu kilo ya mahindi kutoka kila sehemu ya zile 12, tukaweka kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana, tukafunga kitambaa cha pamba na kuziandika namba. Ya 13 ilikuwa ile ya uchafu wa kiungio, ambayo haikupitia gesi. Zote zilipangwa kwenye rafu ya ofisi ya mtunza ghala, mbali na jua, naye akaendelea kuandika kwenye daftari lake kila jioni, safari hii kwa namba za chupa.

Wiki ya pili ilipita, pale ambapo "wachache" walizoea kutokea. Siku ya 32 ikapita. Siku ya 45 alinipigia simu. Chupa 12 zilikuwa kimya, alizigeuza moja moja na kuzitega sikio. Ya 13 fukusi walikuwa wameutia weusi upande wote wa ndani wa kitambaa, na akaniuliza kama sasa anaweza kuichoma.